Ndugu Aliyepotea Ugenini: Mhadhara juu ya Filamu za Taharuki Zilizotengenezwa kwa Fedha Haba



Miongoni mwa visa vyote vinavyosimuliwa kwa njia ya sinema, kipo kimoja ambacho hakihitaji mali nyingi, wala majeshi, wala majumba ya fahari, ili kimweke mtazamaji roho juu tangu mwanzo hata mwisho. Nacho ni kisa cha mtu aliyesafiri hadi nchi ya mbali, au aliyekuwa huko pamoja na nduguye, kisha akasimama mbele ya wenyeji kumwulizia nduguye huyo, akajibiwa ya kwamba mtu wa jina hilo hajulikani. Nimeombwa jioni ya leo niseme juu ya filamu za taharuki, na kwa kuwa uwanja wenyewe ni mpana mno, nimeona afadhali nikae katika pembe hii moja. Maana naitakidi kwamba hapa ndipo panapodhihiri jambo ambalo watu wa pwani yetu, waliozoea safari tangu enzi za majahazi, wanalijua bila ya kufunzwa: ya kuwa undugu, ambao nyumbani ni sheria isiyohitaji hati, ukivuka mpaka hugeuka kuwa dai, na kila dai hutakiwa ushahidi.

Nianze na filamu ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1950, jina lake "So Long at the Fair", iliyoongozwa na Terence Fisher pamoja na Antony Darnborough kutokana na riwaya ya Anthony Thorne ya mwaka 1947. Mambo yake yanapita Paris mwaka 1889, siku za kufunguliwa yale Maonyesho Makuu yaliyoadhimisha miaka 100 ya Mapinduzi ya Ufaransa, ambayo mnara wa Eiffel ulijengwa kwa ajili yake, na ambayo yaliwavuta watu wapatao milioni 32. Msichana wa Kiingereza, Vicky Barton, aliyechezwa na Jean Simmons, anawasili mjini pamoja na kaka yake Johnny. Wanapanga vyumba viwili katika hoteli moja, wanatoka kutembea, wanarudi usiku, na kila mmoja anaingia chumbani mwake. Asubuhi dada anakwenda kumgongea kakaye katika chumba nambari 19, na nambari 19 anaikuta iko mlangoni pa bafu.

Mwenye hoteli, Madame Hervé, hamkaripii wala hamfukuzi. Anamwambia, kwa jamala yote ya mwanamke aliyezoea kupokea wageni, ya kuwa yeye bibi mdogo aliwasili peke yake. Daftari la wageni linafunguliwa, na jina lililomo ni la Vicky tu. Naomba mlitazame tendo hili kwa karibu, kwa kuwa ndilo moyo wa fani nzima. Kilichotumika ni mlango mmoja, kibao cha nambari, daftari, na uso wa mwanamke usiobadilika. Hakuna damu iliyomwagika wala sauti iliyopandishwa, walakini hakuna mtazamaji anayeweza kuondoka kitini. Sababu yake ni kwamba sisi tumemwona Johnny kwa macho yetu akicheka na kupanda ngazi; basi sisi ndio mashahidi waliobakia, na ndio mashahidi wasioweza kuitwa mbele ya hakimu. Ile dhiki inayotubana si hofu ya kudhuriwa, bali ni haki iliyokwama kooni.

Binti yule anakwenda kwa balozi mdogo wa Uingereza, anakwenda kwa mkuu wa polisi, na wote wawili wanamsikiliza kwa huruma wakamtaka alete shahidi. Shahidi yupo, mtumishi wa hoteli aliyemwona Johnny, lakini kabla hajasema neno anapanda puto katika sherehe za Maonyesho, puto linashika moto, na ushahidi unateketea pamoja naye. Wokovu unatoka mahali ambapo mtu hakudhani: mchora picha wa Kiingereza, George Hathaway, aliyechezwa na Dirk Bogarde, alikopeshwa fedha na Johnny usiku ule wa kwanza, naye ni mwungwana anayetaka kulipa. Mtu hawezi kuwa na deni kwa asiyekuwapo. Kwangu mimi hii ndiyo sehemu yenye hekima kubwa kuliko zote katika hadithi ile, kwa kuwa inamthibitisha mtu kwa muamala wake na watu, ilhali karatasi za serikali zimekwisha kumkana. Hathaway naye, badala ya kutoa bastola, anasimama nje ya hoteli akahesabu roshani, akazikuta zimezidi vyumba. Kumbe chumba kimoja kimezibwa na kupakwa plasta katika usiku mmoja. Mwishowe siri inafichuka: Johnny alishikwa na tauni usiku ule, akaondolewa kimya kimya, kwa kuwa habari ya tauni ingeyavunja Maonyesho na kuutia mji wote fadhaa.

Kisa hiki Thorne hakukibuni mwenyewe. Marie Belloc Lowndes alikwisha andika kitu cha namna hiyo mwaka 1913, Wajerumani wakakifanya filamu mwaka 1938, na Alexander Woollcott, mwandishi wa Kimarekani, katika kitabu chake cha mwaka 1934 alijaribu kuifuata asili yake nyuma kutoka gazeti hadi gazeti, akaishia kwa mwandishi wa habari ambaye hakuweza kukumbuka kama aliisikia hadithi ile au aliitunga. Mtu mwenye kupima mambo atasema pia kwamba vijidudu vya tauni vilikuja kutambuliwa na Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894, miaka mitano baada ya Maonyesho yale, na kwa hiyo daktari wa Paris aliyeitambua tauni kwa kumtupia mgonjwa jicho mara moja ana ujuzi uliowatangulia wenzake.

Lakini asikidharau kisa kwa hayo. Mwezi wa Agosti mwaka 1892 kipindupindu kiliingia katika mji wa bandari wa Hamburg, na wakuu wa mji, wakihofia biashara yao, walichelewa kutangaza, siku zikapita, meli zikaendelea kung'oa nanga na abiria ndani yake, na maji ya mto yasiyochujwa yakaendelea kunywewa. Waliokufa walizidi 8,000. Huo ni ukweli uliomo katika tarehe, na aliyesoma habari zake hawezi tena kusema kwamba hoteli ya Madame Hervé ni ndoto ya mtunzi. Linalotisha zaidi ni kwamba uongo wa namna ile hauhitaji mtu mwovu: karani anatii, daktari ananyamaza, mwenye hoteli anapaka plasta, kila mmoja akijiambia kwamba anaunusuru mji, na mwisho wa mnyororo huo wa watu wema yuko msichana mmoja mgeni anayeambiwa kwamba hakuzaliwa na kaka.

Hapa sina budi kutoa hukumu juu ya njia mbili za kukisimulia kisa hiki. Ya kwanza ni hiyo ya Fisher na Darnborough, inayotufanya sisi watazamaji kuwa mashahidi. Ya pili ni ya waongozaji wanaopenda kumtia mtazamaji shaka ya kwamba huenda mtafutaji ana wazimu. Mathalan Otto Preminger, katika "Bunny Lake Is Missing" ya mwaka 1965, alimleta London mama wa Kimarekani anayemtafuta bintiye, akamficha mtoto yule machoni petu kwa muda mrefu hata sisi nasi tukaanza kuuliza, pamoja na afisa wa polisi, kama yupo. Ni ustadi mkubwa, sikatai. Walakini ustadi huo unatuhamisha upande: tunaondoka ubavuni pa mama tukaketi upande wa ofisi, na filamu inayomfanya mtazamaji awe karani mwenye shaka imeitupa dhamana iliyo bora kuliko zote.

Nije sasa katika suala la fedha. Kuna dhana iliyoenea kwamba umaskini wa mtengenezaji ni ila ya kuombewa radhi, na kwamba filamu ya fedha haba ni filamu kubwa iliyokosa kukamilika. Kisa hiki kinaikanusha dhana hiyo. Mwaka 1932, huko Marekani, kampuni ndogo isiyo na jina kubwa iliigeuza hadithi hii ya hoteli na tauni kuwa filamu fupi, "The Midnight Warning", isiyofikia saa moja na robo. Si kazi ya kusifiwa sana, ila inathibitisha kwamba kisa kinasimama hata kikivikwa matambara. Mfano ulio bora ni wa Val Lewton. Kampuni ya RKO ilipomweka kusimamia filamu za kutisha miaka ya vita, ilimwekea masharti: kila filamu isizidi dola 150,000, isizidi dakika 75, na jina lake litatoka kwa wakubwa, yeye atunge kisa cha kulifuata jina.

Katika masharti hayo alitoa mwaka 1943 filamu iitwayo "The Seventh Victim", iliyoongozwa na Mark Robson, ambayo ndani yake Mary, msichana wa shule ya bweni, anakwenda New York kumtafuta dada yake Jacqueline. Mtanisahihisha kwamba New York si ng'ambo kwa Mmarekani. Lakini kwa mtoto aliyelelewa ndani ya ukuta wa shule, mji ule ni ughaibuni kamili. Ngazi ya shule inayoonekana mwanzoni ilikwisha jengwa kwa ajili ya filamu ya Orson Welles, "The Magnificent Ambersons". Lewton aliikuta imesimama akaitumia. Mary anaambiwa kwamba dada yake amepanga chumba juu ya mkahawa; chumba kinafunguliwa, na ndani hamna ila kiti kimoja, na juu ya kiti, kitanzi kinachoning'inia. Hamna maiti wala barua. Mafundi wa filamu za mamilioni wanaweza kujenga mji mzima wakaubomoa, wasipate robo ya hofu iliyomo katika kiti kile.

Tena kuna ukumbi mrefu wa giza katika kiwanda cha vipodozi ambacho zamani kilikuwa mali ya Jacqueline. Mary amesimama mwanzo wa ukumbi pamoja na mpelelezi mdogo, mtu dhaifu na mwoga. Anamsihi aende akafungue mlango ulioko mwisho, naye, kwa aibu ya kuonekana mwoga mbele ya msichana, anakwenda. Giza linammeza. Anarudi akitembea taratibu, kisha anaanguka amechomwa. Usiku huohuo Mary, akiwa ndani ya gari moshi la chini ya ardhi, anawaona wanaume wawili wamevaa nguo za karamu wamemshika mwenzao katikati kama mlevi, na kofia inapomtoka yule wa katikati, ni mpelelezi, naye ni maiti. Giza ni rahisi kuliko taa, na behewa moja ni rahisi kuliko barabara. Lakini Lewton hakulitumia giza kuficha ufukara wake tu, alilitumia kwa kuwa mtu anayemtafuta nduguye katika mji asioujua kweli haoni zaidi ya hatua chache mbele yake. Bajeti na hali ya moyo zilipatana.

Filamu ninayoiweka juu ya hizi zote ni "London River", ya Rachid Bouchareb, Mfaransa mwenye asili ya Algeria, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2009. Huyu alikuwa amekwisha pata sifa kwa filamu yake kubwa ya mwaka 2006 juu ya askari wa Afrika ya Kaskazini walioipigania Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia. Safari hii aliteremka kwa hiari akafanya kazi ndogo, ya wachezaji wachache, mitaa ya kawaida ya kaskazini mwa London na vyumba vya kupanga. Tarehe 7 Julai 2005 vijana wanne walijilipua katika magari moshi matatu ya chini ya ardhi na katika basi nambari 30 pale Tavistock Square, wakawaua watu 52. Elisabeth, mjane mkulima wa kisiwa cha Guernsey, anampigia simu bintiye Jane wala hapokei. Anavuka bahari kumtafuta. Ousmane, Mwafrika Mwislamu anayefanya kazi ya misitu huko Ufaransa, naye anawasili kumtafuta mwanawe Ali, ambaye aliachana naye akali mtoto mdogo, hata hajui uso wake wa utu uzima ukoje.

Tazameni hali ya baba huyu mbele ya kaunta. Anaulizwa mwanawe ni mrefu au mfupi, naye hajui. Hana Kiingereza. Hana picha, mpaka imamu wa msikiti mmoja anapompa picha ya darasa la Kiarabu, na katika picha hiyo Ali ameketi karibu na msichana mweupe, ambaye ndiye Jane. Ousmane analiona tangazo la mama anayemtafuta binti, anapiga simu, wanakutana, na mama anashikwa na hofu: huyu Mwislamu ana nini na mwanangu? Anamshitaki kwa polisi, na mzee wa watu anachukuliwa kuhojiwa. Hapo taharuki inakuwa na ncha mbili. Ya kwanza ni ile inayojulikana, kwamba watoto wako hai au wamekufa. Ya pili haisemwi kwa sauti, nayo ni kwamba Ousmane mwenyewe, usiku, anaogopa kwamba mwanawe huenda alikuwa upande wa walioua. Hofu hii ya pili haikununuliwa kwa fedha yoyote. Imo katika ukimya wa mzee yule na katika namna anavyotembea.

Aliyemcheza Ousmane ni Sotigui Kouyaté, mzaliwa wa Mali, wa ukoo wa wale malenga wa Kimandinka wanaohifadhi nasaba na habari za watangulizi. Bouchareb alimchukua mtu ambaye wazee wake kwa vizazi walikuwa wakiwaambia watu wao ni nani na wametoka kwa nani, akamfanya baba asiyeweza kumweleza mwanawe kwa maneno mawili. Kouyaté alipewa tuzo ya Dubu wa Fedha ya mchezaji bora wa kiume kwa kazi hii, na mwezi wa Aprili mwaka 2010 alifariki dunia. Elisabeth, aliyechezwa na Brenda Blethyn, anajua Kifaransa. Basi inatokea kwamba kinywa cha pekee cha Ousmane katika mji ule ni kinywa cha mwanamke aliyemtuhumu. Wanazunguka pamoja hospitali, orodha mkononi, hata tuhuma inachakaa yenyewe. Wanagundua kwamba watoto wao walikuwa wakiishi pamoja wakipendana. Mama anamruhusu mzee alale katika nyumba ile ya bintiye. Kisha wakala wa safari anawaambia kwamba vijana walikata tikiti ya gari moshi kwenda Paris, siku ileile ya mabomu. Furaha inayowapata! Wanaamini watoto wako Ufaransa, salama. Polisi wanapokuja ndipo inapojulikana kwamba walikuwamo ndani ya lile basi.

Mtaona tofauti yake na hoteli ya Paris. Hapa hakuna aliyeficha kitu. Askari ni wapole, wauguzi wana subira, imamu ni msaada, na kila asemaye "hatujui" anasema kweli. Wala hakuna chumba kilichozibwa cha kugunduliwa. Kisa kimeondolewa mhalifu wa kumkamata, kikabakia na wazee wawili waliokwenda kutafuta watoto wakakuta hawakuwa wakiwajua, na ndiyo maana naihukumu kuwa kubwa kuliko ya Fisher na Darnborough, ijapokuwa ile ya kwanza ina uhodari zaidi wa fundo na ufumbuzi.

Juu ya filamu za siku hizi ambazo baba anayetafuta ni jasusi mstaafu mwenye silaha, kama ile "Taken" ya mwaka 2008, sina mengi. Zimeingiza fedha nyingi. Lakini baba yule hahitaji ubalozi, wala mkalimani, wala huruma ya karani; anavunja milango. Mtafutaji mwenye nguvu hizo si mzazi wa yeyote aliyeketi ukumbini humu.

Na ukumbini humu, au mitaani mtokako, wamo wazazi wenye kisa hiki. Wanawake kwa maelfu wa Kenya, Uganda na Tanzania wamekwenda Ghuba kufanya kazi za nyumbani chini ya utaratibu wa kafala, unaoifunga ruhusa ya kukaa nchini kwa jina la mwajiri. Na ingawa sheria za nchi kadhaa zinakataza, mara nyingi pasipoti hubakia mkononi mwa mwenye nyumba. Simu ya binti inapozimika, mama anakwenda kwa wakala aliyempeleka, na wakala anafungua daftari. Je, kuna haja ya kuwaeleza tukio linalofuata? Sisi ni watu wenye kupenda taharuki tangu zamani: mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika "Mzimu wa Watu wa Kale" (1960), na "Simu ya Kifo" ya Faraji Katalambulla (1965), vilisomwa vikarudiwa. Lakini nikitazama picha nyingi zinazotengenezwa kwetu, naona fedha kidogo iliyopatikana imekwenda katika kukodi nyumba ya kifahari na gari la kupigia picha getini, kisha mtengenezaji analalamika kwamba haikumtosha kusimulia.

Enyi vijana wenye kamera, iacheni nyumba ile ya kukodi. Kodini chumba kimoja, wekeni meza, daftari, benchi la kungojea na mama mmoja mwenye picha ya pasipoti mkononi, na mwacheni mtu wa mezani awe mpole. Kabla ya hapo nendeni mkawasikilize wazazi ambao mambo haya yamewafika, kwa ridhaa yao na bila ya kuwataja majina, mpate maneno waliyoambiwa hasa, kwa kuwa hakuna mtunzi awezaye kuyabuni vizuri kuliko yalivyosemwa. Na nyinyi wenye kumbi na vituo vya televisheni, kazi hiyo itakapoletwa kwenu, msiirudishe kwa sababu haina nyota.